Moyo unadunda usiku, usingizi hamna: hijama, majani au hospitali?

Mdogo wangu wa Lindi, umeuliza kama stresi inatibika kwa hijama (kuumikwa vikombe na kutolewa damu) na majani au uende tu hospitali ukameze vidonge, maana moyo unakudunda usiku, usingizi umekata, una kausha damu tatu kwenye simu (ile mikopo ya riba kubwa), na nyumbani washasema una jini. Huko juu nimeona nusu ya wadau wanakutuma kwa mganga na nusu wanakucheka, mi nimepita kote huko kwaiyo ngoja nikwambie nilichokiona.

Mi ni karani wa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa korosho, huku Tandahimba, Mtwara. Anayejua msimu wa korosho anajua, mnada ukishapita mkulima anataka hela yake, hela inapitia benki, ila sura anayoiona yeye kila siku sio ya meneja wa benki, ni yangu. Kuna msimu malipo yalichelewa watu wakawa wananifuata mpaka nyumbani sijanawa hata uso, ikafika mahali simu ikiita tu tumbo linavuruga, shingo ngumu kama gogo, usiku nausikia moyo masikioni. Nami nikaambiwa nimetupiwa kitu.

Sa sikia, mwili hauchagui. Mwaka 1936 mtafiti mmoja anaitwa Hans Selye aliandika kwamba panya ukiwatesa kwa baridi, kwa sumu au kwa kuwachosha, miili yao inajibu kwa namna ileile. Na sisi ndo hivyohivyo, uwe unakimbizwa na mbwa au unadaiwa, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, mapigo yanapanda, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi zake. Mbwa akiondoka mwili unatulia. Deni haliondoki, ndo maana unakesha.

Kwaiyo la kwanza nenda hospitali, si kwa sababu majani hayafai, ila moyo kwenda mbio sio lazima iwe mawazo. Inaweza kuwa upungufu wa damu, inaweza kuwa tezi ya shingo imezidisha kazi, inaweza kuwa presha. Sokoine hapo Lindi mjini si mbali na wewe, kapime damu na presha, waambie wakuangalie na tezi. Mi nilipimwa wakasema mzima, nikapewa panado nikarudi nyumbani na moyo wangu unadunda vilevile, maana daktari foleni ilikuwa mpaka nje na hakuniuliza kitu kingine.

Aliyeniuliza ni bibi mmoja wa Mikindani anayechua watu. Nilipelekwa na shemeji yangu, nikakaa kwenye mkeka nikijua ataanza na dua, kumbe akaanza na maswali. Umekula saa ngapi, unalala na simu, uraka (pombe ya mabibo) unakunywa kiasi gani, nani umenuniana naye. Ndo akachukua mafuta ya nazi akaweka vidole gumba viwili hapa chini ya kisogo akabonyeza akanyamaza, wala hasugui, kabonyeza tu mpaka nikahema pumzi ndefu bila kutaka, akasema haya, hiyo ndo niliyokuwa naisubiri. Jini hakulitaja hata mara moja.

Hiyo pumzi ndo dawa ambayo ningekupa bure. Lala chali, mkono juu ya tumbo, vuta kwa pua ukihesabu nne tumbo linyanyuke, toa taratibu ukihesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ukitoa pumzi ule mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni na tumboni unaupoza moyo. Dakika kumi kabla ya kulala. Kama wewe ni mtu wa dhikri basi ushaijua nusu, leta uradi wako polepole na tasbihi. Kuna watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2001 kwenye jarida la kitabibu la BMJ, waliwapima watu walewale wakisali rozari na wakisoma maneno ya yoga, kote pumzi ikashuka kama mara sita kwa dakika na mapigo ya moyo yakaenda sambamba na pumzi. Dhikri hawakuipima ila sioni kwanini mapafu yetu yawe tofauti bhana.

Uraka na nipa, ile gongo ya mabibo, achana nazo kwa ajili ya usingizi. Zinakulaza fasta afu saa tisa usiku uko macho jasho linakutoka. Na zile enaji za dukani unazokunywa jioni ujue kafeini nusu yake bado iko mwilini masaa kama matano baadaye.

Kingine tafuta wa kuongea naye. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, na utafiti uliotoka 2016 ukaonyesha waliokaa na wale mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi baraza tunazo kila nyumba ila tunazitumia kubishana Simba na Yanga.

Kwako tatizo la kuanza nalo umelitaja mwenyewe afu ukalipita haraka, hizo kausha damu tatu za kwenye simu. Ukiumikwa mgongo mzima, kesho asubuhi watakupigia tu. Ziandike kwenye karatasi, nani anadai ngapi, na angalia kama wana leseni, maana Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) walitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zisizo na kibali. Mi usingizi ulianza kurudi siku nilipobandika ubao nje ya ofisi, mnada gani umelipwa na upi bado, watu wakaacha kunigongea mlango. Pumzi ilinipa tu akili ya kuufikiria huo ubao.

Majani sina ugomvi nayo, mchaichai jioni kunywa. Ila vile vidonge vya mitishamba vya kuagiza mtandaoni soma maandishi, ukikuta St John's wort na unatumia ARV, au mkeo anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, msiguse, inapunguza nguvu ya hizo dawa. Mganga naye muulize kama kasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ipo tangu 2002, akikasirika umeshapata jibu.

Hijama sasa. Baadhi ya watu inawapumzisha, mi mwenyewe nilijisikia mwepesi siku mbili tatu, hainitibu ila sikatai. Wembe ufunguliwe mbele yako, vikombe visiwe vya mtu mwingine, homa ya ini na VVU hazijui sunna. Na usichanjwe kabla majibu ya damu hayajatoka, ukiwa na upungufu unaweza kuanguka hapohapo. Ukitoka Sokoine niandikie wamesemaje kuhusu tezi.