Uliza Fundi: Hita inavuja ndani ya gari

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko na Hiace ya zamani ya dizeli, engine ya 3L, nabeba watu kutoka Nakuru kwenda Kericho na siku zingine nafika hadi Kisumu. Tangu mvua ianze kapeti ya mbele upande wa abiria inalowa, nikiwasha hita kioo cha mbele kinajaa ukungu wa mafuta mafuta, nikipangusa unarudi, halafu kuna harufu tamu tamu inaumiza kichwa. Maji ya rejeta yanapungua lakini nikiangalia chini ya gari hakuna tone. Makanika mmoja ananiambia niweke dawa ya kuziba niendelee na kazi, mwingine anasema kata paipu za hita uzibe na boliti juu Kenya haina baridi. Nifuate nani? – Dereva, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, usimfuate yeyote kati ya hao wawili kabla hujajua maji yanatokea wapi. Hizo dalili zako, harufu tamu, ukungu wa mafuta na kapeti kulowa, karibu zote zinaonyesha ile rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Kulanti ya moto, yaani yale maji ya rejeta yenye dawa ya rangi, inatoka kwa engine inapita huko na feni inapuliza hewa ndani ya gari, sasa ikitoboka unapuliziwa mvuke wa kulanti usoni, na huo ndio unakaa kwa kioo kama utando.

Lakini hakikisha. Chukua tishu nyeupe uipake kwa hiyo kapeti. Ikitoka na rangi ya kulanti, kijani ama nyekundu, na inateleza ukiishika, ni hita. Ikiwa ni maji safi tu yasiyo na harufu, basi inaweza kuwa paipu ya kutoa maji ya AC imeziba, ama mvua inaingia kwa raba ya kioo, na hapo utakuwa umetoa dashibodi bure. Kama umekuwa ukiweka maji matupu bila kulanti basi rangi haitakusaidia, mwambie fundi afunge pampu ya kupima presha kwa rejeta, engine ikiwa baridi, apandishe mpaka ile presha imeandikwa kwa kifuniko na asipitishe hapo, halafu mwangalie kama sindano ya geji inashuka. Na mkiwa hapo angalieni pia hita ya nyuma, Hiace nyingi za kutoka Japani ziko nayo chini ya viti na paipu zake za chuma zinapita chini ya gari zinakula kutu, kuna watu wamebadilisha ya mbele na kumbe shida ilikuwa nyuma.

Sasa hiyo dawa ya kuziba. Mimi siipendi, na nasema hivi kwa sababu gari yako ni ya kazi. Ile dawa haijui shimo ni gani na njia ni gani, inaganda mahali popote maji yanapita polepole, kwa hivyo vile vijia vyembamba vya hita na vya rejeta kubwa ndio vinaanza kuziba, na kwa gari ambayo maji yake tayari yana kutu hiyo ni kuita engine ichemshe ukiwa umepakia watu unapanda Sachangwan. Engine ikichemka silinda hedi, kile kichwa cha juu cha engine, inapinda, na gharama yake huwezi kulinganisha na ya hita.

Kukata hita kwa muda si mbaya, ni vile inafanywa. Usizibe na boliti. Tafuta mahali paipu mbili za hita zinatoka kwa engine, toa zote mbili, halafu uunganishe ile midomo miwili iliyobaki kwa engine na kipande kimoja cha mpira wa maji moto chenye kipenyo sawa, na klipu mbili nzuri, ndio maji yaendelee kuzunguka vile engine ilitengenezwa. Usitumie horsipaipu ya kumwagilia shamba, hiyo italainika na kupasuka. Halafu jaza kulanti polepole engine ikiwa baridi, iwashe, acha hewa itoke, ongeza, na siku za kwanza chungulia kila asubuhi kabla ya kutoka.

Huyo aliyesema Kenya haina baridi nafikiri hajapita Mau Summit saa kumi na moja alfajiri. Kule ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, ukungu unashuka mpaka barabarani, una watu kumi na wanne wanapumua ndani ya gari, na bila hewa ya moto kwa kioo huoni lori lililo mbele yako. Kama AC yako inafanya kazi itakausha kioo, unaweza kusukuma nayo kwa muda. Kama haifanyi, tafadhali hita irudi haraka, hiyo si anasa, ni macho yako na ya abiria.

Kuhusu kutengeneza: zile za zamani za shaba fundi wa rejeta anaweza kuchomelea, za alumini zenye plastiki pembeni ni afadhali ununue nyingine. Kazi kubwa ni kufungua dashibodi, kwa hivyo mkishaifungua badilisha na mipira yote miwili na klipu, usirudishe vitu vya zamani. Kabla ya kufunga mwambie fundi asafishe mfumo wote mpaka maji yatoke meupe, halafu weka kulanti nusu na maji safi nusu. Maji matupu ya kisima ndio yanatuulia hizi hita, yanaacha ukoko kama ule wa sufuria ya chai na yanakula chuma kutoka ndani. Tena hapo Nakuru, mita kama 1,850, maji matupu yasiyo na presha yanachemka kwa joto la nyuzi 94 hivi, na kifuniko cha rejeta ndicho kinashika presha, kwa hivyo kikiwa kimechoka kibadilishe.

Kapeti itoe nje uioshe kabisa. Kulanti nyingi ni sumu na kwa sababu ni tamu mbwa wanailamba, watoto pia, usimwage kwa mtaro.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi niko Kisumu, nina Noah ya familia, hita tulishaunganisha paipu kitambo na huku ni joto tu. Kuna ubaya nikiacha hivyo? – Mama wa watoto wawili, Kisumu

JIBU: Marahaba dada. Kama mzunguko umeunganishwa vizuri na AC inakausha kioo, engine haitadhurika. Shida ni ule mpira, uangaliwe kila ukifanya service, ukianza kuvimba ama kupata nyufa ubadilishwe. Na mkipanga kusafiri kupitia Timboroa na watoto usiku, washa AC pamoja na feni ya kioo kabla hamjaanza kupanda, usingoje kioo kijae.