Msisaini huo mfumo kabla orodha haijapata mwenyewe

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba chama chenu cha wakulima wa alizeti Kongwa kinanunua mfumo wa kompyuta wa orodha ya wanachama wiki ijayo, na usimamizi wa data, yaani nani anaitunza na kuibadilisha orodha, "tutauangalia baadaye", halafu unauliza una faida gani. Faida yake ni kutokukwidwa na mzee wa watu mbele ya ofisi.

Kwetu kulikuwa na orodha tatu za wakulima: ya mhasibu, ya afisa ugani, na ya dada wa ufuatiliaji. Mshauri mwelekezi akashuka na SGR, suti kali, akasema "unganisheni tu, kusafisha ni mbele ya safari." Tukaunganisha kwenye Excel. Sasa sikia. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiiingiza Excel kama namba tupu, inashika 15 za mwanzo na tano za mwisho inazigeuza sifuri, kimya kimya, wala haikuulizi. Nane za mbele ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo wazee wa kata moja wenye tarehe moja wakawa mtu mmoja. Mfumo ukaona wamejirudia, ukafuta. Malipo ya mavuno yalipotoka, wapo waliosubiri ujumbe wa simu mpaka mvua zikaanza.

Nakala ya zamani? Afisa ugani alishaifuta kwa kuhifadhi mpya juu yake, maana hakuna aliyejua orodha ni ya nani. Tukarudi vijijini na daftari kuandikisha upya, mafuta ya gari yakitoka kwenye fungu la mbegu. Mshauri alikuwa keshalipwa. Simu hapokei hadi leo. Labda na namba yake Excel iliikata.

Kila orodha iwe na mwenyewe mmoja, kwa jina, kwenye karatasi yenye saini ya meneja. Usiniandikie "idara" wala "TEHAMA". Mtu! Yeye ndiye anaongeza na kufuta, wengine wanasoma. NIDA na simu ziingizwe kama maandishi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, kwa hiyo majina ya wanachama yakizurura kwenye flashi ya mshauri, chama ndicho kitaulizwa.

Uliuliza na habari za kozi, sijui bajeti, hayo yasubiri. Leo mchana muulize mhasibu mna wanachama wangapi, kisha muulize afisa ugani, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana hata kwa mmoja, kalamu ya kusaini ifiche.