Boti 813 na ukuta wa majina ni sehemu mbili tofauti

Kaka, umeuliza kama ile boti ya polisi namba 813 kule Thailand iko ufukweni pamoja na ukuta wa majina ya waliokufa kwa tsunami. Hapana, boti haiko ufukweni. Iko Bang Niang, Khao Lak, ndani ya nchi kavu, zaidi ya kilomita moja kutoka baharini, na haikuvutwa na mtu: tsunami ya 26 Desemba 2004 ndiyo iliyoitupa pale, wakaiacha. Waza boti ya ziwani iendayo Bukavu iamkie Birere, mtaa wa hapa Goma, Kongo. Asubuhi ile ilikuwa majini ikimlinda mjukuu wa mfalme Bhumibol wa Thailand, na mjukuu huyo akafa.

Ule ukuta wa majina unaoutaka uko Ban Nam Khem, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa hapo, na huo ndio uko kando ya bahari kabisa. Nilipita mwenyewe safari moja ya kufuata bidhaa Bangkok. Upande mmoja zege limejikunja kama wimbi, upande wa pili vigae vyenye majina, vingine na picha. Unatembea katikati. Kwenye zege wameacha tundu la mraba, ukichungulia unaona mashua ya uvuvi iliyosombwa siku hiyo. Mimi niliyenusurika lava ya volkano ya 2002 hapa Goma nilisimama pale kwenye tundu muda mrefu.

Sikulipishwa kiingilio. Ila toka Bangkok ni mbali, usiku mzima kwa basi, na ukifika Khao Lak tafuta pikipiki ya kukodi. Nenda asubuhi, mchana kigae kinachoma mkono.