Fungunyota limeyeyuka au limepukutika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha fizikia sekondari, naandaa bango la klabu ya anga hapa shuleni, nikaandika "makundinyota yaliyoyeyuka yamechangia halo ya galaksi yetu". Mwenzangu wa Kiswahili kacheka mpaka machozi, anasema nyota sio siagi. Niandikeje?

Jibu: Marahaba. Huyo mwenzako kacheka pasipo na kosa kubwa halafu kosa lenyewe kaliruka, manake kinachoharibu sentensi ni hilo neno kundinyota. Kundinyota ni picha tu tunayoichora sisi tukiwa huku chini, chukua Jabari, nyota zake tunaziona jirani lakini nyingine ziko mbali kabisa na wenzake, sasa picha itayeyukaje? Unachotaka ni fungunyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja na bado zinashikana kwa graviti yao wenyewe. Kilimia ni fungunyota, lina nyota zaidi ya 1,000 japo kwa macho tunahesabu sita au saba, na wazee waliliita hivyo kwa sababu likianza kuonekana walijua msimu wa kulima umefika. Ngeli yake fuata fungu: fungunyota limetawanyika, mafungunyota yametawanyika.

Ila kwenye bango lako Kilimia usiliweke. Lenyewe baada ya miaka kama milioni 250 hivi litatawanyika, lakini nyota zake zitabaki humu humu kwenye sahani ya galaksi tunamokaa sisi na jua letu. Halo ni kitu kingine, ni nyota za kale zilizotapakaa mbalimbali kuizunguka sahani yote, juu na chini, na mafungu yanayoilisha ni yale ya tufe, yaani yenye umbo la mpira, mazee kwelikweli, lenye nyota chache lina maelfu na lenye nyingi linafika mamilioni. Omega Centauri ni mojawapo, na sisi wa Afrika Mashariki tunaliona bila darubini kama usiku hauna mwezi, linaonekana kama kidoa cha ukungu upande wa kusini. (Halo ni halo, iache hivyo hivyo, ya simu ina o mbili.)

Sasa kitenzi. Kabla ya kuchagua lazima ujue kule juu kinafanyika nini. Kuna fungu linaitwa Palomar 5, mwaka 2001 wataalamu wakichambua picha za mradi wa Sloan, ule wa kupiga picha anga, wakakuta lina mikia miwili, mmoja umetangulia mbele na mwingine unafuata nyuma, na mikia yenyewe ni nyota zake zinazotoroka. Ndani ya fungu nyota zinapitiana karibu karibu, zinagawana mwendo, ile nyepesi inaishia kupata kasi kubwa na kujisogeza pembeni, huko pembeni galaksi nayo inavuta ubavu wa karibu kuliko wa mbali, basi nyota inachopoka. Leo hii, kesho ile. Ndo maana kwa nyota moja mimi nasema imechopoka, na kwa fungu zima linapukutika, kama mbuyu wakati wa kiangazi, hakuna anayesikia kishindo ila siku moja unatazama matawi yako wazi.

Sambaratika siipendi hapa. Kinachosambaratika ni chama baada ya uchaguzi au basi lililokutana na lori, na haya mambo yanachukua mabilioni ya miaka. Kutoweka ndo baya zaidi kwa sababu nyota zenyewe zipo, kilichopotea ni fungu. Angalia GD-1, iligunduliwa mwaka 2006, ni mkia mrefu mwembamba wa nyota na fungu lililouzaa halionekani popote, limepukutika lote.

Na siagi ya mwenzako? Mwambie kwa siagi ana haki ila na sukari kwenye chai inayeyuka, huioni tena lakini ukionja ipo. Nyota nyingi za mafungu ya tufe zina naitrojeni na sodiamu kwa wingi, kaboni na oksijeni pungufu, na utafiti wa mwaka 2010 uliopima nyota kubwa nyekundu za halo ulikuta kama asilimia 2.5 zina ladha hiyo ya naitrojeni nyingi na kaboni pungufu. Na kwa kuwa hata ndani ya mafungu sio kila nyota inayo, zilizotoka huko lazima ziwe nyingi kuliko hizo. Kwa hiyo yeyuka naliruhusu ukiongelea mwisho wa safari, nyota zikishachanganyika na huwezi kuzitenga kwa macho. Safari yenyewe ikiwa bado inaendelea, hapana.

Kuchangia nako kunanisumbua kidogo. Sisi tunachangia harusi, unatoa kiasi na unabaki na chako mfukoni, kwa Palomar 5 linakaa sawa maana bado linatoa, lakini lile la GD-1 limetoa kila kitu mpaka lenyewe halipo, huo sio mchango jamani.

Mimi ningeandika hivi: "Baadhi ya nyota za halo ya galaksi yetu zilichopoka kutoka kwenye mafungunyota ya tufe yaliyopukutika zamani."