Kuapa kwa msahafu au kuthibitisha tu: niende na lipi mahakamani?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Nimeitwa mahakamani kutoa ushahidi wa ajali ya gari. Dereva ni mtoto wa mjomba wangu, nami nilikuwa nimekaa kiti cha mbele pembeni yake. Wallahi tangu siku hiyo silali vizuri. Karani ameniambia nichague: niape kwa msahafu, au nithibitishe tu kwamba nitasema kweli, bila kutaja jina la Mungu. Jirani yangu anasema nikithibitisha nitakuwa nimeikana dini. Mwingine anasema kiapo cha msahafu humrudi mtu na watoto wake, bora nithibitishe, maana hapo hata nikipindisha neno sina dhambi. Wallahi nimechanganyikiwa. Halafu upande wa pili wana shahidi asiye na dini yoyote, naye atathibitisha tu. Huyo ataaminikaje? Wallahi nataka jibu lililo wazi.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Ndugu yangu, umeuliza mambo kadhaa, ila linalokunyima usingizi ni moja, na sidhani kama ni la msahafu. Nitalifikia.

Tuanze na jirani yako. Mtume (s.a.w.) amesema: "Mwenye kuapa na aape kwa Mwenyezi Mungu, au anyamaze." Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Inakataza kuapa kwa kisichokuwa Mwenyezi Mungu, kama wanaoapa kwa baba zao au kwa kaburi la marehemu. Haisemi kwamba kila asemaye kweli lazima aape. Anayethibitisha hakuapa kwa Mungu wala kwa kingine, ametoa ahadi ya kusema kweli. Katika madhehebu ya Shafi, hata mtu akisema "naapa" peke yake, bila kulitaja jina la Mwenyezi Mungu au sifa Yake, bado hiyo si yamini, yaani kiapo cha kisheria. Mahanafi wanaihesabu kuwa yamini. Kukana dini hakumo katika kauli ya yeyote kati yao.

Na jirani angejua historia ya jambo hili asingelisema alilolisema. Huko Uingereza, waliogoma kuapa tangu zamani ni Wakristo wa kundi la Quaker, walioshika neno la Injili yao, "msiape kabisa." Walifungwa jela kwa msimamo huo, mpaka sheria ya mwaka 1695 ikaanza kuwaruhusu watoe tamko badala ya kiapo. Asiye na dini alikuja kupewa nafasi baadaye sana: Charles Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1880, akasumbuliwa juu ya kiapo hadi 1886 ndipo akakikalia kiti chake kwa utulivu, na mwaka 1888 ikapitishwa sheria inayomruhusu yeyote kuthibitisha. Kwa hiyo mlango huu walioubisha kwanza ni watu walioona jina la Mungu ni zito mno kwa ndimi zao.

Ukichagua kuapa, kiapo ni cha ulimi: "Naapa kwa Mwenyezi Mungu." Msahafu ni kukitilia uzito tu. Imam Shafi ameeleza kuwa walikuwapo mahakimu walioapisha kwa msahafu, naye akaliona ni jambo zuri. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, hakulikubali, kwa kuwa Mtume hakuliagiza. Jumhuri ya wanazuoni, yaani wengi wao, wanataka mwenye kugusa msahafu awe na udhu, basi tawadha kabla hujatoka nyumbani. Udhu ukikutoka kwenye foleni, mwombe karani aushike yeye. Kiapo chako kitasihi vilevile. Hayo ya kuwarudi watoto yaache, Qur'ani imekwisha kusema kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwingine.

Sasa hilo la "hata nikipindisha neno sina dhambi." Hapa ndipo ninapokuogopea. Ukikosea kwa kusahau, huna dhambi, uwe umeapa au umethibitisha. Ukipindisha kwa makusudi, unayo, uwe umeapa au umethibitisha. Sahaba Abu Bakra (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa ameegemea akiwatajia madhambi makubwa zaidi: kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na kuwaasi wazazi. Kisha akainuka akakaa sawasawa, akasema: "Na kauli ya uongo, na ushahidi wa uongo." Akairudia na kuirudia mpaka masahaba wakasema laiti angenyamaza. Tazama ni neno gani lililomwinua. Wala hapo hakuuliza kama shahidi ameapishwa.

Kinachoongezwa na kiapo ni dhambi ya pili juu ya ile. Kuapa kwa uongo huku unajua ni yamini ghamusi, yaani inayomzamisha mwenyewe. Mashafi wanasema ina kafara: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Wanazuoni wengi wanasema ni kubwa mno haifutiki kwa kafara, ni toba tu. Na hata ukiwalisha hao kumi, haki ya aliyegongwa bado iko palepale mpaka urudi ukaseme kweli. Usidhani pia utaokoka kwa kutamka hili na kukusudia lile moyoni. Muslim amepokea kuwa yamini ni kwa nia ya mwenye kuapisha.

Ulikaa kiti cha mbele. Uliona mikono yake ilikuwa wapi na taa ilikuwa rangi gani. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inataka tusimamishe uadilifu ingawa ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Binamu yako yumo katika neno hilo la mwisho. Ulichokiona kiseme, ambacho hukukiona sema "sikuona", na kasi ya gari kama hukutazama mshale usiikisie, hata wakili akikubana.

Kuhusu yule shahidi wa upande wa pili: sahaba al-Ash'ath bin Qays (r.a.) aligombania kisima, na katika riwaya moja mpinzani wake alikuwa Myahudi. Mtume akamwambia: mashahidi wako, au kiapo chake. Al-Ash'ath akasema, "Basi ataapa na hatajali." Utaratibu haukubadilishwa kwa ajili ya hofu yake, kilichokuja ni onyo kali kwa mwenye kula mali ya mtu kwa kiapo cha uongo. Masharti ya shahidi mbele ya kadhi yana mlango wake katika fiqhi, lakini wewe hukuitwa kwa kadhi. Huko unakokwenda kinachopimwa ni maneno ya shahidi na jinsi anavyojibu akihojiwa. Sheria zilizoruhusu kuthibitisha huwa zinalipatia tamko hilo nguvu ileile ya kiapo, na adhabu ya kusema uongo ni ileile.

Jambo dogo la mwisho. Nimehesabu: katika swali lako umesema "wallahi" mara tatu. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa hizo "la, wallahi" na "naam, wallahi" za mazoea ya ulimi ndizo viapo vya upuuzi ambavyo Mwenyezi Mungu hatushiki navyo, kwa hiyo hudaiwi kitu. Ila kizimbani usizimwage hivyo. Karani atakuapisha mara moja, yatosha.

Wallahu aalam.