Mmemuuliza mwenyewe? Majibu kwa wenye wazazi wanaoishi peke yao

Nusu ya maswali ya safari hii ningeyajibu kwa sentensi moja: hilo ulipaswa kumuuliza mzazi, si mimi. Nimechagua mengine, pamoja na machache ya nusu ile kwa kuwa nimechoka kuyaona.

Nimempatia mama mtu wa kumpelekea chakula kila mchana. Nikienda nakikuta kwenye friji, hajakigusa. Ananikomoa?

Hakukomoi. Nani alichagua chakula hicho, na saa ya kuletwa? Nimesoma barua yako mara mbili, sikuona mahali mama alipoulizwa.

Kabla ya kubadilisha mpishi, angalia kinywa chake. Meno ya bandia yaliyolegea, mdomo kukauka kwa sababu ya dawa, pua na ulimi kutotambua ladha kama zamani: yote haya humfanya mtu aisukume sahani na kusema ameshiba, maana kueleza kunamtia aibu. Halafu kuna upweke. Huzuni ya uzeeni mara nyingi hujitokeza kama kukosa hamu ya kula, si kama machozi.

Mpime uzito. Akipungua asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, aonwe na daktari. Kwa mwenye kilo 60 hizo ni kilo 3 tu, kwa hiyo usingoje nguo zimpwaye. Na kama bado anaweza kusimama jikoni, mwacheni apike. Mpelekee vitu vilivyomenywa na kukatwa, amalizie mwenyewe. Mnampokonya mwiko, kisha mnashangaa hana hamu ya kula!

Nikimpikia Jumapili, chakula kitakaa kwenye friji hadi Ijumaa?

Hapana. Siku 3 hadi 4, na friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Kinachozidi kigandishwe siku hiyohiyo, kiandikwe tarehe kwa maandishi makubwa. Swali hili haliishi, na kila muulizaji anatamani niseme wiki.

Vitamini gani nzuri kwa wazee?

Chakula. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku (mwenye ugonjwa wa figo amsikilize daktari wake), lakini anayekula peke yake kwa urahisi huishia kwenye wanga na kinywaji cha moto. Peleka mayai, samaki, maziwa, jamii ya kunde. Peleka na maji: kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo “akisikia kiu atakunywa” si mpango. Vidonge vya kujinunulia vinaweza kugongana na dawa zake. Hata mboga za majani, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) hatakiwi kuziongeza wala kuzipunguza ghafla.

Tumfungie kamera bila kumwambia?

Hapana.

Baba anasisitiza kwamba anajiweza. Nitajuaje?

Usibishane naye, tazama kazi zenyewe. Daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha mwaka 1963 kipimo cha mambo 6 ambacho wahudumu wa wazee wanakitumia hadi leo: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kujizuia haja, na kujilisha. Mwaka 1969 watafiti Lawton na Brody wakaleta 8 mengine: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Kwa kawaida haya 8 ndiyo hutangulia kuteleza. Kwa hiyo angalia bili zilizolala, dawa zilizobaki kuliko inavyopaswa, sufuria zilizoungua.

Yakiteleza mawili, tafuta msaada wa hayo mawili. Watoto huruka kutoka “hahitaji kitu” hadi “ahamie kwangu” kwa simu moja, bila kujiuliza majirani na marafiki zake anamwachia nani.

Mama anajichoma insulini, na siku nyingine anasahau kula. Nimwekee kengele ya kumkumbusha?

Kengele baadaye, daktari wake leo. Insulini bila chakula inaweza kushusha sukari hadi azimie, na vidonge kadhaa vya kisukari hufanya hivyohivyo. Mpaka dawa zipangwe upya, awepo mtu wakati wa sindano na wakati wa mlo.

Kaka zangu wako mbali, wanatuma pesa. Mimi niko karibu, kwa hiyo kila kitu ni changu. Nimechoka.

Hukupewa kazi hii, ulikutwa tu upo karibu. Andika kila kinachofanyika kwa wiki, hata vidogo: simu ya asubuhi, bili, kuagiza dawa, kupanga wanaoleta chakula, kwenda kliniki. Utaona kwamba zaidi ya nusu hufanywa kwa simu, na simu kaka zako wanazo. Bili apewe mmoja, ratiba ya chakula mwingine. Kila mwaka mmoja wao aje likizo akae kwa mzazi, nawe uondoke kabisa, si kupigiwa kuulizwa chumvi iko wapi. Pesa zinazotumwa ziandikwe na risiti zitunzwe, maana ugomvi wa urithi mara nyingi huanzia hapo.

Orodha ikikamilika, watumie wote kwa pamoja, lakini mzazi aisome kwanza. Huenda kuna anayoyataka bado kuyafanya mwenyewe.