Walimu wenzangu, mvua ya ku mabati inafundisha hesabu

Mi niko mwalimu wa praimari hapa Goma, darasa la 5 na la 6, na kwa miaka mingi nilifundisha vile na mi nilifundishwa: naandika ku tablo, watoto wanakopia mu kaye, kesho yake enteroga, ule mtihani mdogo. Watoto 60 na kitu mu klasi moja, utafanya nini kingine? Ndo nilikuwa najiambia hivyo. Leo nataka niwaambie kilichonibadilisha, na nianze na pale nilipokosea juu naona wengi wetu tunakosea palepale.

Mara ya kwanza nilisikia habari ya kufundisha kwa mradi, nikafanya volkano. Nyiragongo, volkano yetu, tunaiona usiku ikiwaka, ilishuka mpaka mu mji Januari 2002, ikashuka tena Mei 2021, kila nyumba iko na habari yake ya kukimbia, nikaona somo ndo hili. Tukajenga mlima wa udongo, tukatia siki na bikarbonate, povu nyekundu ikatoka, watoto wakapiga makelele ya furaha, wazazi wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nikauliza mu enteroga lava inatoka wapi, na kaye nyingi zikanijibu inatoka mu siki. Iliniuma sana. Watoto walitumika siku 3 na mikono yao, lakini swali lilikuwa langu, jibu langu, wao walipaka rangi tu.

Tangu hapo niko na sheria moja: kama mu mradi hakuna kitu mtoto anapima mwenyewe, na hakuna jibu ambalo hata mi mwalimu silijui bado, basi huo sio mradi, ni mapambo.

Wa pili ulianza bila mi kupanga. Nyie mnajua Goma yetu, jiwe la lava halishiki maji, mvua inanyesha inapotelea chini, maji tunatoa ku ziwa Kivu na watoto wengi wanakuja ku shule wameshabeba bidoni. Asubuhi moja msichana akachelewa, nikamuuliza, akasema, "Mwalimu, nilikuwa ku maji." Usiku ule mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Sikumpa azabu, nikauliza klasi yote: ile mvua ya usiku, ku mabati ya hii klasi yetu, ingejaza bidoni ngapi za litre 20? Mmoja akasema 5, mwingine 100, wakaanza kubishana mpaka wakasimama. Mwalimu mwenzangu, ubishi kama ule usiuzime, ule ndo mradi wenyewe.

Tukakata chupa kubwa ya plastiki upande wa juu, ile sehemu ya juu tukaigeuza ndani kama faneli, chini tukaweka vijiwe na maji kidogo mpaka pale upana wa chupa unaanza kuwa sawasawa, mstari wa zero ukaanzia hapo, rula tukaibandika pembeni, chupa tukaiweka mbali na miti na mabati. Kila asubuhi kikundi kimoja kinasoma na kuandika. Wengine wakafunga mafundo ku kamba kila metre moja, wakapima chini, pale mabati inafunika: metre 8 kwa 6, ni metre mraba 48. Halafu tukatafuta pamoja: milimetre 1 ya mvua ku metre mraba 1 ni litre 1, na sikuwapa bure, walipiga sentimetre 100 mara 100 mara 0,1 wakapata sentimetre kibe 1000, ndo litre 1. Siku chupa ilionyesha milimetre 12, hesabu ikatoka litre 576, bidoni 28 zimejaa na ya 29 karibu ijae. Aliyesema 100 alirudia kugawanya mara 3, hakuna aliyemlazimisha.

Kijana mmoja akaniuliza, lakini mabati imeinama, si tupime mabati yenyewe? Sikuwa na jibu tayari, nikamwambia tutafute. Saa sita jua likiwa juu ya kichwa tukashika kaye moja mlalo, ingine mshazari, tukaangalia vivuli: ya mshazari kivuli chake kifupi. Mvua inayoshuka wima nayo ni vile, paa linapokea kadiri ya eneo linalofunika chini. Ku peda, ile shule ya kusomea ualimu, tulikariri jina la Ovide Decroly, yule daktari Mbelgiji aliyefungua shule Ixelles, Brussels, 1907, alitaka mtoto ajifunze kutokana na maisha yanayomzunguka. Mi nilimwelewa siku ya vile vivuli.

(Waambieni watoto wazi: maji ya mvua ya kwanza inaosha vumbi na majivu ya volkano ku mabati, ni ya kufua na kusafisha, sio ya kunywa.)

Kuhusu wingi wa watoto, nagawa vikundi vya 6, kila mmoja na kazi yake, wa kushika, wa kupima, wa kuandika, wa kusema, na kazi zinazunguka kila wiki, la sivyo wenye sauti kubwa watapima na wasichana watabaki kuandika tu. Pointi nusu za kikundi, nusu za enteroga ya kila mtu peke yake. Na inspekta asikutie woga, mu jurnali ya klasi andika somo lenyewe: eneo la mstatili, ujazo, kugawanya. Yote iko mu programu.

Ukitaka kidogo zaidi ya hapo, chukua chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili tunayobebea mizigo. Weka alama ya chaki ku gurudumu, lizungushe mara moja chini, pima na kamba, kisha pima upana wake, ukingo mpaka ukingo kupitia katikati. Gurudumu la sentimetre 30 linatembea karibu 94. Wakipima magurudumu 4 au 5, wakagawanya ule mwendo kwa upana, na kila mara wakapata 3 na kitu, wataanza kuuliza wenyewe kwa nini.

Mradi wa mvua usiuanze Juni, juu mvua inakatika na chupa itakaa kavu mpaka likizo. Uanze Septemba. Ila kamba yenye mafundo na kivuli cha kaye havingoji mvua, hata kesho unaweza.